Miti-maji ya Bi Ivorine

Everald Tulloch alizaliwa na miguu isiyopenda kwao. Alishachuma matufaha Kanada, akapaka rangi boti huko Cayman, akabeba masanduku ya wageni Montego Bay, na kila mara alirudi milimani Trelawny, Jamaika, akiapa kwamba sasa ametulia. Merlene, mkewe, hakujisumbua kubishana naye. Sanduku la mumewe aliliweka karibu na mlango, basi.

Ndiyo maana watu walicheka waliposikia kazi aliyopewa na watafiti wa chuo kikuu: kufuatilia kipepeo adimu, msimu mzima wa mvua.

"Everald akae kimya angoje mdudu?" Linval, jirani yake, aliuliza dukani. "Huyu hata kanisani hutoka kabla ya sadaka."

"Sadaka ndiyo inayomtoa," alisema mwenye duka.

Kipepeo mwenyewe ni mkubwa kama popo, mweusi, mwenye mkanda wa manjano mabawani. Bondeni kwao alitaga kwenye aina moja tu ya mti, unaoitwa mti-maji, na miti-maji iliyosalia ilikuwa imejikusanya kwenye korongo moja lenye unyevu. Kila asubuhi Everald alipanda korongo lile, akisimama kwenye kila mti uliofungwa utepe wa alama, akitazama juu mpaka shingo ikamkakamaa. Kisha alikagua majani, moja moja, akitafuta mayai. Hakuona kitu. Wiki ikiisha naondoka, alijiambia, kila wiki. Jina lake lilikuwa limetoka tena kwenye orodha ya wachuma matufaha wa Kanada. Safari ilikuwa Julai.

Alhamisi moja kipepeo jike alishuka kutoka kileleni, akagusa jani, akapaa. Everald aliinamisha tawi. Yai lilikuwepo, limebaki peke yake kama tone la nta. Mbu walimla shingo asiwakung'ute.

Jioni hiyo, Everald akipita, Bi Ivorine alikuwa amesimama langoni pake. Mume alishafariki, wanawe wako mjini, na shamba analilima mwenyewe.

"Everald, siku yangu iko wapi?"

Milimani kule watu hulima siku kwa siku: leo wote kwangu, kesho wote kwako. Februari Bi Ivorine alikuwa amekuja na jembe lake kumsaidia Everald kupanda. Asiyerudisha siku ya mwenzake hulima peke yake mpaka kaburini.

"Ipo, Bi Ivorine. Taja tu."

"Jumamosi. Nafyeka korongo langu, lile la miti-maji, nipande viazi vikuu."

"Korongo lote?"

"Ulitaka nusu niwaachie mbu?"

Nyumbani, Merlene alisema, "Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Ardhi ni yake, siku ni yake."

"Wapigie wale wa chuo."

"Watakuja na karatasi, naye ataziwashia jiko." Alikuwa akiizunguka meza.

"Keti, mwanamume. Unanitia kizunguzungu."

Hakuketi.

Jumamosi Linval alimimina ramu kidogo ardhini kama ilivyo desturi, wakaanza kufyeka kwa safu, wimbo ukipanda nao mlima. Everald alijiweka mwisho wa safu, upande wa miti-maji, ili panga la mwingine lisiifikie kwanza. Walipoifikia alisimama. Wimbo nao ukapungua, ukafa.

"Panga limechoka?" Linval aliuliza.

"Bi Ivorine, miti hii niachie."

"Inanipa nini zaidi ya kivuli? Kiazi hakili kivuli."

Alimwonyesha yai. Bi Ivorine alivaa miwani, akalitazama kwa muda.

"Ndiyo hili? Kwangu chawa wa kuku wamenona kuliko hili."

Watu wakacheka. Everald mwenyewe nusura acheke.

"Nitakulipa siku," alisema. "Sema wewe ngapi."

Bi Ivorine alivua miwani. Alimjua huyu tangu anatambaa, na hata wakati huo alikuwa akitambaa kuelekea barabarani.

"Siku za leo na kesho sizitaki, ninao watu. Nataka siku ya kusimika fito za viazi. Nataka siku za palizi, zote. Na mavuno."

Linval alipiga mluzi. "Mama, mavuno si mwakani?"

"Sijakuuliza wewe. Na ukikosa siku moja, Everald, naikata mwenyewe. Sihitaji wimbo."

Kutoka pale juu barabara ilionekana ikijipinda kuteremka kuelekea pwani, na lori moja lilikuwa linashuka. Everald alilifuata kwa macho mpaka likamezwa na kona. Alifungua mdomo aseme kwamba kwanza atazungumza na Merlene. Alijua Merlene angesema nini: angesema usitoe ahadi, unaijua miguu yako.

"Nitakuwepo," alisema.

"Julai?"

"Julai pia."

"Watu wamesikia," Bi Ivorine alisema, akarudi kwenye sufuria ya samaki wa chumvi aliyokuwa akiwapikia wafyekaji.

Linval aliuokota wimbo pale ulipoangukia. Safu ikajipinda kuizunguka miti-maji, ikaendelea kupanda. Everald alifyeka kwa kasi, hatazami kulia wala kushoto, jasho likimwingia machoni, akiwaacha wenzake nyuma, mpaka Linval akamwita kutoka chini.

"Bwana, tubakizie na sisi majani. Unakimbilia wapi?"

Everald aliinua kichwa. Alikuwa ameshafika kwenye uzio, ambako shamba la Bi Ivorine linakoma, na panga bado lilikuwa likimwasha mkononi.