Choo cha Apolinari

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vipya, Apolinari alipewa kiwanja karibu na Ushirombo, jirani na wazazi wa Coletha. Siku ya pili akaanza kuchimba choo. Coletha akamfuata.

"Kaka, shimo hilo linatazamana na jiko letu."

Apolinari alilifukia bila ubishi, akachimba jingine nyuma ya nyumba. Coletha alipendezwa na mtu asiyebishana. Msimu wa pamba ulipofika, akawa anampelekea maji shambani, na mazungumzo yao yakawa marefu.

Siku moja Apolinari alisema, "Coletha, nataka nikuoe."

"Baba yupo nyumbani Jumapili baada ya misa," alijibu. "Njoo na baba yako mdogo."

Walikuja, na mzee alikubali kabla chakula hakijaiva.