Ndala Mkononi mwa Gita

Ilitangazwa rasmi, katika uwanja wa Singida Mjini, mbele ya bendi na jua la saa saba, kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule atakuwa darasani, na hakuna mtoto wa Tanzania atakayeachwa. Afisa elimu alirudia kwa sauti kubwa zaidi, ili hata waliosimama nyuma wasijione wameachwa. Watu walipiga makofi. Malti hakuweza, mkono wake mmoja ulikuwa umemshika Gita.

Malti alikuwa mke wa Ladha, mwenye duka karibu na soko, duka ambalo siasa ilikuwa bado haijaamua ilifanye nini. Gita, binti yao, alikuwa na miaka saba na hajasema neno. Kiziwi hakuwa: bati la biskuti likifunguliwa chumba cha nyuma, alikuja mbio. Mwalimu wa kuandikisha alisema aletwe akishaanza kusema. Ladha aliamini mtoto amezibwa na wingi wa lugha, Kigujarati cha nyumbani, Kiswahili cha dukani, Kinyaturu cha wateja, akaamuru nyumbani kisemwe Kigujarati tu. Gita hakubadilika. Ila yaya wao, asiyejua Kigujarati, naye sasa akawa hasemi.

Ukimya wenyewe haukumsumbua mtu. Kelele ndizo zilisumbua. Gita alilia akijing'ata mkono mpaka wateja wakageuzia mlangoni. Ladha akakata shauri: sikukuu ya Divali ikipita, mtoto aende Dodoma kwa shangazi yake, kwenye ua wenye ukuta mrefu.

"Huko atatulia," alisema.

"Atatulia, au hatutamsikia?" Malti aliuliza.

Ladha akaendelea kupima sukari.

Asubuhi moja Gita alifika kaunta na ndala ya baba yake. Malti akamnyang'anya, akairudisha mlangoni. Gita akaja nayo tena. Ikarudishwa tena, kwa kofi dogo la mkono. Nyumba ile ilikuwa na adabu ya viatu: vilikaa mlangoni. Gita akaanza kulia na kujing'ata.

Kwenye kaunta alisimama Luciana, mama wa kijiji cha Unyambwa. Kiswahili chake kilikuwa cha siku za soko. Majirani zake wengine hawakuwa nacho kabisa. Wao wakitaka kitu walileta masalio yake: chupa tupu kwa mafuta ya taa, kipande cha kanga iliyochakaa, ganda la sabuni. Waliweka kaunta, wakanyamaza. Malti aliwahudumia hivyo miaka yote bila kukosea.

Luciana aliisukuma chupa yake mbele. "Mama Gita, hii umeniuliza naitakia nini?"

"Hapana, mama. Ni mafuta ya taa."

"Basi huyu naye kaleta. Mimi unanijazia, yeye unampiga. Au mpaka aje na hela?"

Malti aliitazama chupa, kisha ndala.

"Baba Gita! Njoo uvae ndala zako."

"Nina mteja."

"Vaa!"

Ladha akavaa. Gita akanyamaza, akamshika kidole, akamvuta mpaka Ziwa Singidani, kwenye mawe walipozoea kukaa Jumapili kutazama ndege aina ya heroe, kabla baba hajaona haya kutembea naye. Waliporudi, Ladha alivua ndala mlangoni.

"Kumbe alikuwa anaomba," alisema.

Malti akaanza kukusanya masalio: kikombe kilichokatika mkono kwa maji, kipande cha shuka kwa usingizi. Aliviweka chini, mahali Gita anapofikia, na hakurudisha tena kitu mahali pake kabla ya kujua kimeletewa nini. Si kila siku ilifaulu. Kuna siku Gita alileta jiwe la mizani kutwa nzima, na mpaka leo hakuna anayejua alitaka nini. Lakini kilio kilipungua, Divali ikapita, na basi la Dodoma likaondoka bila yeye.

Tangu hapo kila Divali Malti alipeleka Unyambwa sahani ya vitamutamu, kwa mkono wake mwenyewe, akipiga magoti kidogo: "Shikamoo mama. Ahsante kwa mwanangu."

"Marahaba. Mimi nilitaka mafuta yangu tu," Luciana alijibu. "Mlikuwa mnanichelewesha." Sahani aliipokea kwa mikono miwili.

Mwaka 1977 ilitangazwa rasmi kwamba lengo limefikiwa. Malti alizisikia habari hizo kwenye redio ya dukani, saa za masomo. Gita alikuwa amekaa pembeni yake, juu ya gunia la chumvi.