Jenerali wa Mnada wa Sadaka

Mimi nauza vitu vya kale Musoma mjini, na simwamini mtu. Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Nyakato, mchungaji alitoa sadaka kisahani cha kaure kilichokuwa kinaning'inia sebuleni kwake. Ni cha Kifaransa, cha zamani, na kimechorwa jenerali mwenye masharubu. Kikapigwa mnada. Nilikitaka sana, lakini nikataja bei kivivu, kama nanunua fungu la dagaa.

Mama Bhoke, muuza sato, akapandisha. Nikaongeza, naye akaongeza. Muuza samaki na jenerali wa Ufaransa wapi na wapi? Kwenye minada ya ng'ombe kule Nyamuswa nimeshawaona waliopandikizwa kuchochea bei.

"Mama, nani amekutuma?" nikauliza kwa sauti. "Watu wa hivi tunawajuaga!"

Nikasusa. Yeye akalipa, akaniletea kisahani mpaka kwenye benchi.

"Sijatumwa, kaka yangu. Ulinisaidia sana kwenye msiba wa mume wangu, nikawa natafuta cha kukutunza. Kila tukisali sebuleni kwa mchungaji, sisi tunafumba macho, wewe unamkodolea huyu jenerali. Shika, ni wako."