Kikundi chetu cha kuonja divai ku Kapata, na kaye nilitoa bila kusoma

Wakuu, nabasalimia bote, bakubwa na badogo.

Mi ni mama muzee wa Kolwezi. Nilisoma myaka mbili tu, basi musitafute grammaire hapa. Ninaandika mambo yenye nilifanya mi mwenyewe. Sikuongeza kitu.

Zamani tulikaa ku Kapata, quartier moja ya Kolwezi, mu nyumba za kampuni ya migodi. Jirani yetu tulimuita Tata Musumba, juu alikomalia kule Musumba, mu jimbo yetu, na kiruund, luga ya kule, alisema kama mwenyewe. Alikuwa serveur mu cercle, kilabu ya bazungu. Wakati kazi ilianza kuanguka na bazungu bakafunga mizigo, chef wake akamuachia makarto ya divai.

Tata hakuuza hata chupa moja. Akatuita: mi na bwana yangu Anselme, ye na bibi yake Mama Béatrice. Siku ya yenga, kisha misa, tunakaa mu salon yake na tunaonja.

Muniamini, ilikuwa na sheria.

Chupa anaifunga na serviette, usione etiketi. Unaangalia rangi, unanusa, unaweka kidogo mu kinywa, unazungusha, unatema mu beseni. Mi siku ya kwanza nilikasirika.

"Tata, Mungu alitupa shingo ya kumeza."

"Mama Astride, ukimeza yote, ya tatu utaionja na usingizi."

Basi tukajifunza. Hii ni ya Bordeaux, hii ya Portugal, hii ya Cap, kule kusini ya Afrika. Hii ni ya mwaka wa jua kali, ile ni ya mwaka mvua ilipita kipimo, inakuwa kama maji. Etiketi sikujua kusoma, lakini kinywa yangu ilikuwa inasoma. Anselme alisema Bordeaux kwa kila kitu. Tulimucheka sana.

Na sheria kubwa: usiseme uwongo juu ya kitu kiko mu kinywa yako. Kama hujui, sema hujui. Mwenye kudanganya anaruka chupa yenye kufuata.

Tata aliandika yote mu kaye, daftari moja ya bluu: inchi yenye inatoka, mwaka, namna inaonjeka.

Siku moja chupa ilikuwa muzuri na roho zikafunguka. Tata akasema leo tujiandike na sisi mu kaye, kama machupa. Kila muntu aseme kwenye alizaliwa. Mi nikasema Mutshatsha. Ye akasema:

"Mi ni wa Mwene-Ditu, ku Kasai. Mama yangu alinileta Musumba ku mugongo."

Anselme akamujibu: "Basi etiketi yako balibandika ku chupa ya mwingine."

Tulicheka mpaka Mama Béatrice akamwaga beseni. Hakuna muntu mwingine alijua ile jambo mu Kapata yote.

Kisha ile wakati mubaya ikafika.

Wenye mulikuwako munajua, sitarefusha. Balianza kusema kila muntu arudie kwabo. Bantu ba asili ya Kasai, hata wenye bazazi babo bazaliwa hapa, balifukuzwa mu manyumba. Gare ikajaa familia na magodoro, banangojea train.

Tata Musumba hakuguswa. Ye ni muntu wa Musumba, si ndiyo?

Lakini aliogopa baibaji. Akaniletea kaye. "Mama Astride, uniwekee. Machupa bakibeba, babebe."

Kisha siku tatu, asubuhi, vijana bane ba quartier bakaingia kwangu.

"Mama, munakutanaka kwa Tata Musumba kila yenga. Munapangaka nini? Munafichaka Bakasai?"

Damu yangu ikapanda. Mi sipendi kusingiziwa.

"Tunapangaka? Tunaonjaka divai. Ngoja."

Nikaenda kutoa kaye, nikamupa mumoja wabo mwenye kujua kusoma. Nilikuwa na kiburi, wakuu. Kwangu mi ile kaye ilikuwa ya divai tu. Ile siku ya kucheka niliisahau kabisa.

Akafungua pole pole, ukurasa kwa ukurasa. Ku mwisho akasimama. Akanirudishia kaye na mikono mbili, na heshima yote.

"Aksanti, mama. Umetusaidia."

Nikafikiri bamesadiki. Nikarudia kutwanga sombe yangu.

Saa sita bitu bya Tata Musumba bilikuwa mu barabara.

Anselme akaingia anakimbia. Nikamuelezea. Akabeba kaye, akafungua ku mwisho, akaweka kidole.

"Astride, jina yake iko hapa. Mwene-Ditu."

Akaifunga.

Nilibafuata ku gare na unga na samaki ya kukausha. Mama Béatrice alipokea unga bila kuniangalia. Tata aliniuliza polepole tu:

"Ni nani alibaambia?"

Nikasema: "Sijui."

Aliniangalia vile alikuwa anamuangalia Anselme akisema Bordeaux. Alijua. Akasema "Basi, mama," akageuka kufunga mizigo. Train ilibabeba. Habari yabo sikupata mpaka leo.

Anselme alipokufa, nikaenda ku paroisse, kwa mapadri, kujifunza kusoma, na mvi zangu, mu benchi moja na babibi badogo. Nikijua kidogo, nikafungua ile ukurasa. Tata alituandika bote kama divai. Yangu inasema:

"Mama Astride. Mutshatsha. Mukali kwa mwanzo. Hasemi uwongo. Unaweza kumuachia kitu."

Wakuu, fundisho ni hii: karatasi hujaisoma, usiitoe mbele ya muntu, hata kama unajua iko safi. Na kama ulifanya, sema ni we. Neno moja la kweli ku gare halingemurudisha Tata ku nyumba yake. Lakini angeenda akijua aliandika sawa.

Kaye iko kwangu, mu sanduku. Mwenye anajua ile familia kule Mwene-Ditu, aandike hapa chini. Na mukibaona mbele ya mi kubaona, mubaambie ni mi niliitoa.