Kifungua Mlango cha Karani wa Simu

Phineas Kariuki alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi yake ilimharibu zaidi. Alikuwa karani wa simu za maandishi pale posta ya Lamu, katika ile miaka ya mwanzo ya Uhuru, na kutwa nzima aliwafupishia watu habari zao. Mtu alikuja na kilio cha ukurasa mzima cha kumpelekea nduguye Mombasa. Phineas alikikata hapa, akakikata pale, mpaka kikabaki MAMA MGONJWA NJOO. Ikafika hadi akawa hawezi kuvumilia kitu chochote kirefu. Mahubiri marefu yalimtia kizunguzungu. Hata katika nguo alipenda kaptura.

Basi alipopata mchumba, harusi nayo aliipanga kama simu. Bomani, sahihi, kantini, basi.

Mchumba mwenyewe alikuwa Nerea, mkunga wa hospitali ya serikali, mwanamke mcheshi ambaye kicheko chake kilisikika mtaa wa pili. Nerea alikuwa Mkisii na Phineas Mkikuyu wa Nyeri. Kila upande ulikuwa na mila zake na wajomba zake, na wajomba hao wangekutanishwa wangebishana mpaka bibi harusi aote mvi. Kwa hiyo wawili hao walikubaliana: hakuna kamati, hakuna mbuzi, hakuna gauni la kuburuta chini. Wataandikishana kwa D.C., mkuu wa wilaya, kisha wataingia kantini ya polisi, ambako watu wa bara walizoea kunywa bia zao, na huko watakaa na marafiki wachache, wale nyama ya kuchoma, waende zao nyumbani.

Nerea alitaka jambo moja tu. Zamani kidogo aliwahi kuchumbiwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akimwonea haya. Wakitoka pamoja, mwalimu alitangulia mbele kwa hatua nyingi kama mtu anayefuatwa na mbwa asiye wake. Nerea alimrudishia zawadi zake zote, na akajiapia kwamba hatachumbiwa tena na mwanamume wa namna hiyo.

"Pete si lazima," alimwambia Phineas. "Lakini siku hiyo utacheza na mimi wimbo mmoja mbele za watu. Nataka waone kwamba hunionei haya."

Phineas alijibu, "Ndiyo," kwa kuwa ndilo neno fupi, kisha akaanza kukosa usingizi. Mbele za watu alikuwa haoni hata pa kuweka mikono. Alinunua kijisanturi cha twisti, dansi ya wakati ule, akawa anajifunza chumbani kwake kila jioni, mlango umefungwa, kiti ndicho Nerea. Mpangaji wa chini alipanda siku moja kumwuliza kama alikuwa akiua nge.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo kama si Bi Rahima. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wa Nerea kule Langoni, mjane mnene wa sauti ya amri, na wajukuu zake wote walikuwa wamepokewa na mikono ya Nerea. Wa jirani pia. Ukipita kichochoro kile, kila mtoto aliyekukanyaga mguu alikuwa wa Nerea. Bi Rahima aliposikia kwamba mkunga wao ataolewa kimyakimya, tena kantini, alikaa chini akajipepea.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye uliyetuzalishia mtaa mzima. Utaolewaje kama mtu aliyepotea ndia? Sisi tutakuya."

Nerea akamweleza kwa adabu kwamba kantini ni mahali pa bia. Bi Rahima akasema basi bia itoke. Nerea akamweleza kwamba patakuwa na wanaume. Bi Rahima akasema nao watoke. Wanawake wa Langoni hawawezi kuvua mabuibui yao na kujipamba mbele ya makoplo. Halafu akauliza ni nani atakayeshika mlango wa bibi harusi, bwana harusi asiingie mpaka atoe kifungua mlango chake, pesa au zawadi. Nerea akasema hakuna mlango wa kushika, harusi yenyewe ni ya kisasa. Bi Rahima aliguna. Kati ya yote aliyoyasikia siku ile, hilo la mlango ndilo lililomwuma hasa.

Nerea angeweza kukataa. Lakini huwezi kula uji wa mtu siku zote za homa yako, kisha ukamfungia nje siku ya furaha. Alimwendea Phineas na kumwambia watakuja akina mama wachache. Phineas, aliyeogopa watu wachache kama alivyoogopa wengi, aliuliza swali moja tu, na wimbo je? Nerea akasema wimbo uko palepale.

Siku ikafika. Bomani walimaliza upesi mno hata Phineas akahisi D.C. ni ndugu yake. Walipofika kantini, lahaula. Sakafu ilikuwa imeoshwa, udi unafuka mpaka barazani, meza ya vigae vya dhumna imetandikwa kitambaa cha hariri, na pale kaunta palipozoea kukaa bia pamesimama mitungi ya maji ya ukwaju. Akina mama wachache wa Nerea walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Wakamnyakua bibi harusi, wakamwingiza ndani kumtia hina na asumini, na mlango ukafungwa. Phineas alibaki nje ya baa kwenye sherehe yake mwenyewe. Gramafoni ya kantini ilikuwa ndani, na santuri yake ya twisti. Mke alikuwa ndani. Mguu wake wa kulia, uliokwisha kujizoeza, ulikuwa ukitetemeka bure juani.

Msimamizi wa kantini na rafiki wa bwana harusi alikuwa mtu mmoja, Koplo Ndirangu, na yeye ndiye aliyepewa amri ya kuhamisha bia. Alitafuta mahali penye kivuli, ubaridi na kufuli, akapapata: chumba cha mahabusu, uani nyuma ya kantini. Chumba kilikuwa kitupu wakati ule, kwa kuwa watu wa Lamu walikuwa wakigombana kwa maneno tu. Ndirangu alipanga kreti ndani, akamwita Phineas na wanaume wengine, wakaketi sakafuni nyuma ya nondo wakinywa kwa unyonge. Ufunguo aliuacha mlangoni, upande wa nje. Phineas hakunywa sana. Alikuwa akiwaza kwamba jioni itafika, wimbo utapita, na Nerea ataona kwamba ameolewa na mwalimu mwingine.

Ndipo Bi Rahima alipotoka na binti yake Saadiya, wamejifunika mabuibui yao, wamebeba sinia la pilau la wanaume. Akawatafuta barazani, hawapo. Akafuata harufu. Alipomwona bwana harusi amekaa ndani ya chumba chenye mlango, na mlango wenyewe una ufunguo, uso wake ulinawiri kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea. Aliliweka sinia sakafuni mle ndani, akausukuma ule mlango kwa kiuno, akazungusha ufunguo na kuutia kifuani.

"Mwango ndio huu," alisema. "Sasa tutauona ukarimu wa posta."

Kigelegele chake kiliwatoa wote. Akina mama walijitupia mabuibui, wakamiminika uani, nao polisi wa zamu wakaja mbio wakidhani pana mfungwa ametoroka, wakamkuta koplo wao ndiye aliyefungwa. Ndirangu alidai mlango kwa jina la serikali. Bi Rahima akamwambia serikali isubiri, kwanza kifungua mlango. Wanaume wakaanza kujipapasa mifukoni. Bi Rahima akatikisa kichwa: anayepanga bei ni mwenye mume.

Wakampisha Nerea. Alikuwa na hina mpaka kwenye viwiko na kikuba cha asumini kifuani, na Phineas aliinuka akazishika nondo. Nerea alimtazama kupitia nondo. Hakucheka, na Phineas akajua kwamba hilo si mzaha kwake.

"Kifungua mlango changu unakijua," alisema.

Saadiya aliisogeza gramafoni dirishani na kuiwekea ile santuri ya twisti. Phineas aliangalia huku na huku kama alivyozoea. Nyuma kulikuwa na ukuta, mbele nondo, kando koplo na kreti za bia. Hapakuwa na pa kukimbilia, na jambo la ajabu ni kwamba hilo lilimpumzisha. Akaanza kwa goti moja. Akakanyaga pilau. Akaendelea. Upande wa pili wa nondo Nerea naye alikuwa akizunguka na hina yake, kicheko kimemrudia, na Langoni nzima ikipiga makofi huku Bi Rahima akiuliza walio karibu kama huyu bwana ana siafu ndani ya nguo.

Wimbo uliisha. Bi Rahima alitoa ufunguo, akafungua, akausukuma mlango mpaka mwisho. Wanaume wakatoka, koplo akatoka, kreti nazo zikatolewa. Phineas hakuona kama mlango uko wazi. Alikuwa bado anacheza, na Nerea aliingia ndani kumfuata.