Hatua ya Ishirini

Mimi ukinikosea nakuwekea kinyongo, wala sifichi. Naweza kukaa miezi kwenye cherehani yangu, mguu unakanyaga, mdomo nimefunga, lakini siku yako ikifika utajua kwamba fundi nguo huyu hakusahau.

Sasa mwanaume aliyekuacha na binti wa miaka kumi na moja, akahamia kwa mwingine, utamlipizaje kama hata simu hapokei? Miezi minane kimya, halafu siku moja, paap, anatuma boksi. Ndani yake gemu ya kuchomeka kwenye tivii. Binti akairukia. Hata hakuuliza baba yuko wapi. "Mama, baba kaniletea gemu!" Roho iliniuma, acha tu.

Lakini sikukurupuka. Nilimuuliza mwalimu wake kama gemu itamharibu, akasema hesabu za binti zimepanda, cha muhimu nimpangie muda. Nikakaa nyuma yake nikatazama. Vipande vinashuka kutoka juu, vingine vimepinda, naye anavigeuza harakaharaka mpaka vinakaa pamoja bila kuacha pengo. Hakuna damu, hakuna matusi. Moyoni nikajua haina ubaya wowote. Ila kila binti alipocheka, mimi nilimsikia baba yake.

Jumamosi moja akaja metroni, mkuu wa wauguzi, na kitambaa cheupe.

"Fundi, nishonee sare moja ya mfano. Jumatatu naipitia. Ukiipatia, wauguzi wote thelathini ni wako. Ila kitambaa ndicho hicho, kingine sina."

Kazi hiyo niliisotea mwaka mzima. Nilishachoka kubadilisha zipu na kupunguza suruali za watu.

Nikatandaza kitambaa sakafuni, nikapima, nikapima tena. Kitatosha kwa mbinde. Hapo hapo binti akapiga kelele.

"Mama, niko hatua ya kumi na tisa! Baba alisema nikifika ishirini atakuja kuniona!"

"Alisema lini?"

"Aliandika kwenye karatasi, ilikuwa ndani ya boksi."

Jamani! Yaani mtoto wangu acheze ndipo aonwe na baba yake? Niliinuka na mkasi wangu mkononi, nikachomoa plagi ya gemu, nikaukata waya wake katikati. Na nitasema ukweli, nilisikia raha.

"Mwambie baba yako aje auunge!"

Binti hakulia. Alikaa ameegemea ukuta, akawa anakitazama kile kitambaa.

Nikarudi kwenye kazi na hasira zangu. Nikakata kifua, mgongo, kola, mkono mmoja. Nilipofika mkono wa pili, kitambaa kikapungua kwa upana wa kiganja. Nikageuza huku, nikageuza kule. Wapi! Nikaketi chini, nikawaona wauguzi thelathini wakinipita.

Binti akainuka taratibu. Akachukua chaki yangu, akachora sakafuni ukubwa ule ule wa kitambaa kilivyokuwa. Akaokota zile karatasi za vipimo ninazofuatisha kukata nguo, akaanza kuziweka na kuzizungushia chaki. Mkono mmoja akaugeuza kichwa chini, akausogeza kwenye kwapa la mgongo. Kola akaisukumia kona. Kila kitu kikaingia, na kipande kikabaki.

Nikaitazama ile michoro, nikamtazama yeye.

"Ulijua?"

"Kabla hujaanza kukata."

"Na ukaniacha nikate? Mwanangu, hii ndiyo kazi niliyokuwa naingoja!"

"Na mimi nilibakiza hatua moja tu, mama."

Mkono wangu ulishapaa kumzaba kofi. Hakukwepa. Alinikazia macho, mdomo kaufunga, na ule mdomo ulikuwa wangu kabisa. Mkono ukashuka wenyewe.

Akapiga magoti, akaifuta ile chaki kwa kiganja mpaka sakafu ikawa safi.

"Sasa ni droo," akasema.