Dakika Kumi Mbele ya Koti

Miaka thelathini nimekalia cherehani, sasa hata ngazi tatu zinanitoa jasho. Nesi akaniambia, "Mama, kanyaga hapohapo chumbani kama unayetembea, dakika kumi kila siku. Ila uwe unaongea. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo."

Niongee na nani? Watoto wana kwao. Nikatundika mlangoni koti la marehemu mume wangu, lile aliloniomba mwezi mzima nimshonee kifungo, nami nikimwambia kesho. Nikavua ndala, nikaanza kukanyaga.

"Haya, baba watoto, leo utanisikiliza!"

Nikamsema wee, dakika saba nzima, pumzi ipo. Nilipofika kwenye kile kifungo, sauti ikakatika.

Nikapunguza mwendo.